Mwanangu Ameacha Kusali: Je, Atakuwa Mtu wa Namna Gani?

SWALI. Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Songea, ameniandikia kuhusu mwanawe mwenye umri wa miaka 26 anayefanya kazi Dar es Salaam. Mwaka jana dada yake kijana huyo alifariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 22, baada ya miezi minane ya matibabu na maombi. Pasaka iliyopita kijana alirudi nyumbani, akakataa kwenda kanisani, akamwambia mama yake kwamba haamini tena kuwa Mungu yupo. Mama anauliza kama mtu asiyemwamini Mungu anaweza kubaki mwadilifu, kama maisha yake yatakuwa na afya na amani kama ya mwenye kuamini, na yeye kama mzazi afanye nini, hasa kwa kuwa misa ya kumbukumbu ya binti yake inakaribia. Ameongeza kwamba kijana humtumia makala za intaneti zinazodai kuwa watoto wa wazazi wasioamini ni wakarimu kuliko watoto wa waumini.

JIBU. Shikamoo Mama. Naanza na pole, kwa sababu barua yako, ingawa inauliza habari za mwana, imejaa habari za binti. Nikuambie pia mapema mahali ninaposimama: mimi ni muumini, nasali kila siku, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha saikolojia na kutoa ushauri nasaha kwa wagonjwa wa saratani na jamaa zao. Katika kazi hiyo nimekaa kando ya vitanda vya watu walioaga dunia wakiwa wameshika rozari au tasbihi, na kando ya vitanda vya wachache ambao hawakumtaja Mungu hata mara moja, nami nimejifunza kutotabiri haraka ni nani kati yao angeondoka kwa utulivu.

Nianze na makala aliyokutumia mwanao, maana inanipa njia ya kuingia katika swali lako la kwanza. Utafiti inaouzungumzia ulikuwapo kweli. Ulichapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 na ulihusisha watoto 1,170 wenye umri wa miaka mitano hadi kumi na miwili kutoka nchi sita: Marekani, Kanada, China, Yordani, Uturuki na Afrika Kusini. Kila mtoto alipewa stika alizozipenda, kisha akaulizwa ni ngapi angependa kumgawia mtoto mwingine ambaye hakupata. Watafiti walitangaza kwamba watoto waliolelewa katika nyumba za kidini waligawa chache zaidi, na habari hiyo ikasambaa dunia nzima. Mtaalamu mwingine alipozirudia hesabu, aligundua kwamba namba zilizowekwa ili kuzitambulisha nchi tu, moja kwa nchi hii na mbili kwa ile, zilikuwa zimeingizwa katika hesabu kana kwamba ni vipimo vya kitu fulani. Kosa hilo liliposahihishwa, ilionekana kwamba tofauti kubwa ilitokana na nchi ambako mtoto aliishi, wala haikutokana na dini ya nyumbani kwake. Mwaka 2019 makala iliondolewa rasmi, lakini taarifa za awali bado zinazunguka mitandaoni hadi leo, na ndizo zilizomfikia mwanao. Mweleze hivyo kwa upole, na usiifanye kuwa ushindi, kwa sababu upande wetu nasi tuna kosa letu.

Kosa letu ni kudhani kwamba wema hauwezi kusimama pasipo imani. Katika utafiti wa maoni uliofanywa katika nchi 34 na kutangazwa mwaka 2020 na kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, watu waliulizwa kama ni lazima mtu amwamini Mungu ili awe na maadili mema. Nchini Kenya asilimia 95 walijibu ndiyo. Nchini Uswidi walikuwa asilimia 9 tu. Tanzania haikuwamo, lakini nadhani majirani zako wangejibu kama Wakenya, nami ujana wangu wote ningejibu hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba tukiishikilia kauli hiyo kikamilifu, tunashindwa kuieleza Uswidi yenyewe, nchi ambako watu wengi hawaendi ibadani kwa vizazi kadhaa sasa, na bado watu wake hulipa kodi, huwatunza wazee wao kwa mpango wa taifa, na rushwa ni ndogo kuliko katika nchi nyingi zilizojaa nyumba za ibada.

Kuna jaribio moja ambalo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, na wanaosomea uchungaji ndio hulisikiliza kwa makini zaidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Baadhi yao walipewa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani, mlangoni, alikuwapo mtu aliyejikunyata akikohoa na kuugulia, ambaye aliwekwa pale na watafiti wenyewe. Wale ambao hawakuwa na haraka walisimama kusaidia kwa asilimia 63. Waliokuwa wameambiwa kwamba wamechelewa na wanasubiriwa walisimama kwa asilimia 10 tu. Kuwa na Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti ya maana, na namna walivyoeleza imani yao katika hojaji haikuweza kutabiri nani angesimama na nani angepita.

Mama, umefundisha watoto kwa miaka mingi na unajua vizuri kuliko mimi kwamba tabia huingia mwilini kabla ya kupata maneno ya kujieleza. Mwanao alijifunza kusimama mzee anapoingia, kumpelekea jirani mgonjwa chakula, kurudisha chenji iliyozidi, kabla hajaweza kukariri Kanuni ya Imani. Hayo hayang'oki siku moja kwa sababu ametamka sentensi moja Jumapili ya Pasaka. Basi jibu langu la kwanza ni kwamba anaweza kubaki mwadilifu. Ninachokihofia ni kitu kingine, nacho ni kwamba tabia njema huhitaji mahali pa kufanyiwa mazoezi, na mahali hapo ndipo anapokaribia kupapoteza. Hofu hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye swali lako la afya na amani.

Ushahidi wa kwamba maisha ya ibada huambatana na afya ni wenye nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Nchini Marekani wauguzi wanawake 74,534 walifuatiliwa kwa miaka 16, kuanzia 1996 hadi 2012, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa katika kipindi hicho iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wale ambao hawakwenda kabisa, hata baada ya watafiti kuzingatia uvutaji wa sigara, uzito, magonjwa waliyokuwa nayo tangu mwanzo na mambo mengine mengi. Haiwezekani, bila shaka, kuwagawa watu kwa kura na kusema huyu aamini na yule asiamini, kwa hiyo matokeo kama haya hayathibitishi chanzo kwa uhakika wa jaribio la dawa. Hata hivyo wauguzi ni wengi, miaka ni mingi, na tofauti ni kubwa. Mtu mkweli hawezi kuyapuuza, nami humwambia hivyo kila asiyeamini anayenijia akidhani dini ni mzigo mtupu.

Sasa tazama kilichopimwa pale. Kilichopimwa ni kwenda ibadani, yaani kutoka nyumbani na kukaa pamoja na wengine. Kuamini moyoni peke yako hakukuwa ndiyo kipimo. Mwaka 2010 wanasosholojia Chaeyoon Lim na Robert Putnam walitaka kujua ni kwa nini Wamarekani wanaokwenda kanisani huridhika zaidi na maisha yao, na walichokiona ni kwamba nguvu ilikuwa katika urafiki: mtu aliyehudhuria mara kwa mara na kuwa na marafiki wa karibu katika usharika wake alikuwa na furaha zaidi, lakini aliyehudhuria vivyo hivyo bila rafiki hata mmoja pale hakumzidi asiyehudhuria. Urafiki wa kawaida, wa kazini au mtaani, haukutosha kuijaza nafasi hiyo. Marafiki hao wa usharika walikuwa wamefungwa pamoja na kitu wanachokiona kuwa kikubwa kuliko wao wote.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, walikipa jina la Kikristo kitu ambacho ujirani wetu ulikuwa ukikifanya tangu zamani. Jumuiya hukutana nyumbani kwa mtu kila wiki, husoma Injili, huchangia ada ya mtoto wa mjane, humtembelea mgonjwa, na panapotokea msiba hujulikana nani ataleta sufuria, nani atachota maji, nani atalala na wafiwa. Umeandika kwamba katika miezi ile minane ya ugonjwa hakuna usiku ambao wanawake wa jumuiya hawakukupa zamu. Ungeweza kuziita zamu zile dawa, wala usingekosea. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefariki mwaka 2019, alifundisha kwamba katika jamii za Kiafrika mtu huzaliwa ndani ya dini kama anavyozaliwa ndani ya ukoo, na kwamba kuwa bila dini ni kama kujitenga mwenyewe na maisha yote ya jamii. Aliyaandika hayo karibu miaka sitini iliyopita, na mijini mambo yamebadilika kiasi, lakini kijana anayeketi peke yake katika chumba cha kupanga Dar es Salaam na kutamka kwamba haamini bado anausikia ukweli wake: anajiuliza ni nani atakayemzika, na kwa maneno gani.

Nimegundua kwamba lugha yetu yenyewe haimsaidii. Neno tulilonalo ni mkanamungu, na kukana maana yake ni kukataa kitu unachokijua. Petro alimkana Bwana wake akiwa anamjua fika. Kwa hiyo kila tunapomwita hivyo tunamwambia kwamba anasema uongo, au kwamba ni msaliti. Mimi husema "asiyeamini", nami nakusihi ufanye hivyo hivyo nyumbani, hata kama ndugu zako wataona ni kulegeza mambo.

Hapo ndipo Uswidi inaporudi. Mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake, waliochambua takwimu za nchi nyingi duniani na kuzichapisha mwaka 2011, walionyesha kwamba katika nchi zenye njaa, maisha mafupi na usalama mdogo, watu wa dini walikuwa na furaha zaidi kuliko wasio na dini, kwa sababu dini iliwapa heshima, msaada na maana ya maisha. Katika nchi tajiri zenye usalama, makundi hayo mawili yalikaribiana sana. Asiyeamini katika Stockholm ana bima, pensheni na majirani ambao hawashangazwi naye. Mwanao hana mengi ya hayo. Akitoka kanisani anatoka pia katika mfuko wa rambirambi, kwaya, vijana aliokua nao, na godoro linalotandikwa sebuleni usiku wa msiba. Madhara ninayoyaona kwa vijana wasioamini wanaonijia, yaani kukosa usingizi, pombe ya peke yao, na ile hali ya kuona kwamba hakuna anayewahitaji, katika visa vingi niliyaona yakianza baada ya kukatwa kwa kamba hizo, na mara nyingi waliozikata walikuwa jamaa zao wenyewe.

Lakini imani haiponyi kila mara, na hili lazima niliseme wazi kwa sababu ya mstari mmoja katika barua yako. Umeandika kwamba katika mazishi kuna mtu alimwambia mwanao kuwa dada yake angepona kama familia ingekuwa na imani ya kutosha. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 596 wa hospitali, wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, kwa karibu miaka miwili. Waliokuwa wakishindana na Mungu moyoni, wakihisi kwamba amewaacha, wakitilia shaka upendo wake, au wakiamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wengine, hata baada ya kuzingatia hali ya ugonjwa na huzuni. Wote hao walikuwa wanaamini kwamba Mungu yupo. Walitofautiana katika sura ya Mungu waliyoibeba, na sura ya Mungu anayekuhesabia maneno ya sala na kumwacha mtoto afe kwa kuwa yamepungua inaweza kuuangamiza mwili kama inavyoiangamiza roho. Namheshimu mwanao kwa kuikataa sura hiyo. Mimi pia naikataa, nikiwa kanisani.

Kadhalika maneno yetu ya msibani. "Kazi ya Mungu haina makosa" husemwa kwa moyo mwema, na wewe mwenyewe umesema yalikutia nguvu, nami sitakuondolea nguvu hiyo. Neno lile lile, likimfikia kaka aliyechangia damu mara mbili na kushuhudia dada yake akikata roho, linaweza kusikika kama kuambiwa kwamba kifo kile kilikuwa sahihi na machozi yake ni makosa. Wafiwa wengi niliokaa nao hawakuacha kuamini kwa sababu ya hoja. Waliacha kwa sababu walikuwa na ghadhabu na hawakupewa ruhusa ya kumpelekea Mungu ghadhabu hiyo, ingawa Zaburi zimejaa watu waliompelekea. Sisemi kwamba mwanao yuko hivyo. Huenda amefikiri kwa makini na kufika mahali tofauti na pako, na ukimwambia "una hasira tu" utamdharau. Nasema kwamba humjui bado, na njia ya kumjua ni kumsikiliza akimzungumzia dada yake kabla ya kumsikiliza akimzungumzia Mungu.

Umeuliza pia jinsi maisha ya asiyeamini yanavyokuwa kwa ndani, nami nitakujibu kwa yale niliyoyasikia kwao. Mmoja aliniambia kwamba jambo gumu kuliko yote ni shukrani: ajali ikimkosa barabarani, moyo unajaa na hajui ampelekee nani. Mwingine, mama wa makamo, alisema alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu utotoni, kwa kuwa hakuogopa tena laana wala uchawi. Wengi wao husema kwamba muda umekuwa na uzito zaidi. Hakuna mahali pengine pa kumalizia mazungumzo, kwa hiyo simu ya kuomba radhi inapigwa leo. Na wengi husema kwamba kila kitu ambacho dini iliwapa kikiwa tayari, yaani siku ya kupumzika, maneno ya kumwombea mtoto anayelala, wimbo wa kuimba kaburini, sasa ni lazima wakitengeneze wenyewe, na mtu huchoka. Mwenye kuamini hupokea nyumba iliyojengwa na wengi na kazi yake ni kukarabati paa. Asiyeamini huanza na kiwanja kitupu. Wapo wanaojenga vizuri sana, na wapo wanaoishia kukaa nje.

Kuhusu wewe ufanye nini, Mama, ombi langu la kwanza ni kwamba usiruhusu kikao cha ukoo cha kumhoji. Ndugu zako wamekishauri kwa mapenzi, lakini kijana atatoka pale akiwa ama mwongo ama mgeni. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha imani yake, na nyumba ya mama isiwe na uhuru mdogo kuliko wa nchi. Mpigie simu Jumapili jioni kama ulivyozoea. Usiache kumwombea, na usimfiche kwamba unamwombea, maana kuficha ni kumwonea haya. Ila usiufanye mwisho wa kila mazungumzo kuwa mahubiri. Mpe kazi za familia kama zamani: michango ya msiba, ada ya mtoto wa shangazi, safari ya kumpeleka babu hospitali. Anahitaji kujua kwamba anahesabiwa. Na akianza kukosa usingizi kwa wiki nyingi, akiacha kula, au akisema kwamba haoni sababu ya kuishi, jambo hilo halihusu tena mjadala wa Mungu. Ni la daktari au mshauri, na lifanyike siku hiyo hiyo.

Imebaki misa ya kumbukumbu. Umeniuliza kama umlazimishe kupokea komunyo mbele ya watu ili kuzima maneno. La, Mama. Kanisa lenyewe halimtaki apokee asichokiamini, na wewe usingependa ushirika mtakatifu uwe pazia la kufunikia aibu. Mwambie tu kwamba unahitaji awepo, kwa kuwa yeye ndiye kaka. Umeandika kwamba msalaba wa mbao kaburini umeanza kuinama kwa mvua na kwamba unataka kujengea. Basi mwombe aje siku tatu kabla, apatane na fundi, asimamie saruji, achague mwenyewe maandishi yatakayowekwa chini ya jina la dada yake. Siku ya misa akitaka kukaa nje ya kanisa chini ya mwembe, mpelekee kiti. Mkifika kaburini, padri akishamaliza sala, mpe nafasi ya kusema anachokikumbuka kuhusu dada yake, kwa maneno yake mwenyewe, na uwaombe wale wanawake wa jumuiya waliokupa zamu usiku wabaki wamsikilize.